Njia ya Kwa Akina Jerop

"Baada ya mita mia mbili, pinda kushoto," ilisema redio ya gari.

"Usipinde," alisema Mzee Johnstone. "Hiyo kitu inakupeleka kwa mto. Enda tu moja kwa moja."

Kipngetich alipinda kushoto. Hakuwa amewahi kumkaidi baba yake waziwazi, lakini siku hiyo aliapa kuisikiliza mashine peke yake.

Mashine yenyewe ilikuwa mpya. Fundi mmoja wa mjini Eldoret aliifunga wiki hiyo: skrini pana kama sinia ndogo, yenye ramani inayoongea, kamera ya kurudi nyuma na nyimbo za video. Mama, aliyekaa kiti cha nyuma na kitambaa kipya kichwani, alikuwa akizifuatisha nyimbo hizo tangu walipotoka nyumbani Pioneer. Kipngetich hakuinunua kwa ajili ya nyimbo. Aliinunua kwa sababu ya aibu.

Mara ya kwanza walipokwenda kumposa Jerop, Mzee ndiye aliyeongoza njia. Nani mwingine? Zamani alikuwa dereva wa lori la maziwa upande huo wa Burnt Forest. Lakini walizunguka katikati ya mashamba ya watu tangu asubuhi mpaka ng'ombe wakarudi kukamwa, wasifike. Mzee alisema ni vile vita vya uchaguzi. Seng'enge ziling'olewa, watu wakahama, njia zikabadilika. Kwa akina Jerop chakula kilipoa na majirani wakaenda zao wakicheka chinichini. Baadaye mjomba wa Jerop alituma neno: wageni wakikosa kufika tena, wasijisumbue kuja siku nyingine.

"Hapo kwa kanisa kata kulia," Mzee alisema tena.

Kipngetich alilipita kanisa bila kukata. Mama akamwambia Mzee amwache mtoto aendeshe, kisha akamtania kwamba anaionea mashine wivu kwa kuwa imemnyang'anya kazi. Mzee hakucheka.

Nyimbo zilikatika ghafla, picha ya Jerop ikatokea kwenye skrini, na sauti yake ikajaa gari zima. Aliuliza wamefika wapi. Alisema Nyanya amekataa kukaa ndani, ameomba kiti chake kitolewe nje awasubiri huko. Kipngetich alitabasamu. Jerop alifiwa na mama yake akiwa mdogo, na ni huyo Nyanya aliyemlea na kumsomesha kwa kuuza maziwa. Siku hizi macho yalikuwa yamezima kabisa, na hata mjukuu wake alimtambua kwa sauti na hatua tu.

Mzee aliitazama ile picha mpaka simu ikakatika. Kisha akageukia dirishani.

"Turudi," alisema. "Kipngetich, mimi ni baba yako. Turudi nyumbani."

Kipngetich alimuuliza sababu. Mzee alisema wasichana ni wengi, hata hapo Pioneer wamejaa, na kwamba hakuna mtu atakayewalaumu wakigeuza gari sasa hivi.

Hapo ndipo Kipngetich alipoelewa kwamba siku ile baba yake hakupotea. Aliwazungusha makusudi. Ilimuuma kuliko aibu yenyewe, maana baba huyu ndiye aliyemfundisha kuendesha gari, ndiye aliyemwambia mwanamume hachezi na mtoto wa mtu. Sababu aliijua, au alidhani anaijua: Jerop hakuwa na shamba wala baba, na Mzee alitaka mkwe mwenye baba wa kukaa naye mezani. Machozi yalimlenga, akayaacha.

"Mzee, nimekuheshimu maisha yangu yote," alisema. "Lakini huyu ndiye. Nikimkosa huyu, mimi sina mwingine."

Mama aliinama akamshika bega mwanawe. Mzee alifunga macho mpaka mashine ilipowaambia wamefika.

Geti lilikuwa wazi. Mjomba wa Jerop, kijana tu, alisimama kando na majirani wachache, na Jerop mwenyewe alifichwa ndani mpaka aitwe, kama ilivyo desturi. Desturi pia ilitaka neno la kwanza litoke kwa baba wa kijana. Kabla yake hakuna wa upande wao anayefungua mdomo, na asiposema, wageni hugeuka wakarudi walikotoka.

Mzee alishuka polepole, akishikilia mlango kama mtu anayeumwa na mgongo. Alisimama getini. Alinyamaza mpaka mjomba akaanza kuwatazama majirani, na Kipngetich akamwomba Mungu kimoyomoyo baba yake aseme hata neno moja tu. Mama alirekebisha kitambaa, akamgusa mumewe kiwiko.

"Chamgei, Mama," Mzee alisalimu kwa sauti ya chini.

Nyanya, aliyekuwa kwenye kiti chake cha nje, aliinua uso. Aligeuza kichwa huku na huku akiitafuta ile sauti, kisha akacheka kwa furaha na kunyoosha mikono yote miwili mbele yake.

"Baba Jerop?" aliita. "Ni wewe umerudi? Kuja ukae hapa na mimi. Umekuja siku nzuri, leo kuna watu wanakuja kumposa mtoto wako."