Zimwi Lenye Masikio Viganjani

Kwa mujibu wa sheria, kila nyumba ilifuga zimwi lililochorwa na mtoto wa nyumba hiyo, na zimwi lisilotisha liliyeyushwa. Watoto wa majirani waliyajazia mazimwi yao pembe, mate na mikia, wakajiona mabingwa. La Mwanakheri lilikuwa jeupe, refu kama mlango, halina hata jino. Masikio yake yalikuwa viganjani, hivyo lilipotaka kusikia lilifumbua ngumi polepole, kama ua.

"Binti, hili ni pambo," alisema mkaguzi, Bwana Kilua, akichomoa sindano ya kuyeyushia.

"Subiri kidogo, mjomba," Mwanakheri alimsihi. "Bado halijakusikiliza."

Zimwi likafumbua ngumi, likaweka kiganja kifuani kwa mkaguzi. Likasikiliza, likamtazama kwa huruma, kisha likamfunga vizuri kifungo cha shati, kama anavyoandaliwa mtu wa safari ya mwisho.

Bwana Kilua akarudisha sindano mkobani. "Linatisha," akasema, akaondoka bila kuaga.

"Umeona, mama! Wanaliacha!"

Mama alikuwa amerudi nyuma hadi ukutani, amekumbatia kifua chake, maana zimwi lilikuwa limemgeukia, likifumbua ngumi.