Chuchu ya Nne

Za mwizi arobaini, husema watu. Kwenye banda lile za mwenye mali ndizo zilikuwa zikihesabiwa, na ile ilikuwa siku ya kumi na nne.

Mwenye ng'ombe alikuwa amechuchumaa mlangoni pa banda, msumari mkononi, akichora mstari ndani ya ndoo tupu. Maziwa yalipaswa kufika pale. Wiki mbili sasa hayakufika. Yalipungua lita mbili kila asubuhi, si moja wala tatu, kana kwamba mwizi alikuja na kipimo chake.

Wa kumshuku alikuwa mmoja tu: mdogo wa mkewe, aliyemkamulia kwa miaka mitano na kulala kwenye chumba kilichopakana na banda. Nje ya chumba kile hakuwa na kwake.

"Shemeji, umeanza kuchora ndoo?" aliuliza binti huyo akipita na maji ya moto ya kuoshea kiwele. "Kesho utamchora na ng'ombe."

Mwenye ng'ombe hakucheka. Zamani alikuwa akiujibu utani wa shemeji yake neno kwa neno. Hiyo ilikuwa kabla ya ndama.

Ndama alizaliwa dume. Dume hakamuliwi, na kila anachonyonya kinatoka kwenye ndoo. Siku ya tatu mwenye ng'ombe akatoa amri: achinjwe, nyama aachiwe mbwa, ngozi ishonwe na kujazwa majani makavu, kisha ndama huyo bandia alazwe mbele ya mama yake. Ng'ombe akilamba ngozi ya mwanawe hushusha maziwa. Ndivyo alivyofanya baba yake, na babu yake kabla ya hapo.

Shemeji alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja.

"Utakuja kumwona?"

"Kumwona nani?"

"Huyo bandia. Usije ukasema sijui kushona."

Akajibu kuwa ana shughuli nyingi. Kesho yake akaambiwa kila kitu kiko tayari.

Tangu hapo alifika kila asubuhi na kuishia mlangoni, viatu vimeng'arishwa, macho kwenye ndoo. Kona ya yule bandia hakuitazama. Aliona tu, kwa pembe ya jicho, kitu cha rangi ya kahawia kimelala chini ya gunia, na ng'ombe akikilamba masikio kwa utulivu. Akageukia ndoo upesi.

Akaanza upelelezi. Alinyunyiza majivu kwenye kizingiti jioni. Asubuhi akakuta unyayo wa shemeji peke yake, ukiingia kukamua. Alipekua chumba cha binti huyo wakati amekwenda kuteka maji, hakuona chupa wala dumu. Majirani walisema hawajauziwa hata kikombe. Mkewe alimwambia kwamba mdogo wake hakuwahi kuiba hata sukari utotoni. Akamjibu kwamba wezi wote walikuwa watoto wazuri. Alimshuku hata mbwa, ila mbwa alikuwa amekonda vilevile, na nyama yote ile ya ndama aliachiwa yeye.

Ndipo alipogundua kuhusu chuchu. Shemeji alikamua tatu tu. Ya nne hakuigusa.

"Ina uvimbe," alisema bila kuinua kichwa. "Nimeiacha ipone."

Mwenye ng'ombe alikwenda moja kwa moja kwenye duka la dawa za mifugo. Muuzaji akasema yule binti hajakanyaga pale tangu mvua zilizopita. Uvimbe gani huo usiotafutiwa dawa, na ng'ombe mwenyewe anacheua kama hana shida duniani?

Na leo mstari wa msumari ulibaki mkavu, vidole viwili juu ya povu. Alisimama mlangoni akiwaza. Chuchu ya nne ilikuwa ikikamuliwa kwanza, kabla yeye hajafika, na maziwa yakafichwa humo humo ndani. Lakini wapi? Hori lilikuwa wazi. Sakafu ilikuwa wazi.

Akalitazama lile gunia kwenye kona, kwa mara ya kwanza. Lilikuwa limetuna. Tumbo lililojazwa majani makavu halitakiwi kuwa nene kiasi kile.

"Shemeji," alisema taratibu, akichomoa kisu kiunoni, "nikikuta chupa ndani ya yule bandia wako, leo hii unafunga nguo zako. Na dada yako asifungue mdomo."

Mkono wa mkamuaji ukasimama.

"Ingia," alisema. "Lakini kisu kiache nje."

"Kumbe kuna cha kupasua."

"Nakuomba, shemeji. Kisu kiache."

Hakukiacha. Aliingia, viatu vyake vikazama kwenye samadi. Ng'ombe alikoroma na kumzibia njia kwa ubavu; yeye akamsukuma, akapita. Akapiga goti kwenye kona. Hata hapo hakuweza kuangalia. Aligeuza uso ukutani, akapenyeza mkono chini ya gunia, kisu tayari kwenye mkono mwingine, akapapasa akitafuta mshono.

Alipapasa kutoka kwenye mbavu mpaka kwenye kitovu. Hapakuwa na mshono. Akapanda na mkono shingoni, akafika taya, na hapo kinywa chenye mate ya moto kikamdaka kidole na kuanza kukinyonya.

Nyuma yake maziwa yakaanza tena kulia kwenye ndoo.

"Samahani siombi, shemeji," alisema mkamuaji.