Saluti ya Kamanda

Askari wote wa kituo walitoka nje, wakaiacha chai yao ipoe mezani. Kamanda Mwandoro, mkuu wa polisi wa wilaya, alibaki ofisini akiwatazama kupitia dirisha. Walikuwa wamemzunguka Shebe, konstebo wake wa zamani, aliyerudi kutoka vitani akiwa amejitupia koti la jeshi mabegani.

Kamanda naye aliwahi kuomba aende. Akaambiwa mji haubaki bila mkubwa. Basi akabaki, akikamata wezi wa kuku na walanguzi wa sukari, huku wivu ukimla ndani kwa ndani.

"Afande yupo?" Shebe aliuliza.

"Yupo, haendi popote huyo. Tusimulie kwanza, bwana!"

Wakacheka. Kamanda alisikia kila neno.

Shebe alipoingia, alisimama wima mbele ya meza. "Nimerudi kuripoti, Afande."

"Saluti iko wapi?" Kamanda alifoka, akainuka. "Mdogo ndiye hutangulia, wala hashushi mkono mpaka mkubwa amjibu! Au vita vimekufanya uwe mkubwa wangu?"

Shebe alitikisa bega, koti likaanguka. Mkono wa kulia wa shati ulikuwa mtupu, umekunjwa na kubanwa kwa pini.

"Samahani, Afande. Niliuacha huko."

Nje kicheko kilikatika. Kamanda aliitazama ile pini na, Mungu amsamehe, hata hiyo aliionea wivu.

Kisha akavaa kofia yake, akabana visigino, akapiga saluti.

Shebe alimtazama tu. Mkono wa Kamanda ukabaki juu, ukingoja.