Picha ya Tano

Ilikuwa saa sita kasoro robo, na Lusaka walisubiri picha yangu ya tano. Nisipoituma kabla ya saa sita, nafasi ya msaada kwa wahitimu wa sanaa itakwenda kwa mwingine.

Ziwa lilifunguliwa asubuhi baada ya miezi ya marufuku ya uvuvi, na mitumbwi niliyoichora picha ubavuni yote ilishaondoka Kashikishi. Ulibaki wa Mama Yolande tu, wenye uso wa mwanawe aliyezama. Ndiyo kazi yangu bora.

Nikainua simu niupige picha. Mama Yolande akaja akasimama kando ya mtumbwi wake.

“Fundi! Maji ilimubeba mutoto yangu. Na wewe unamubeba?”

“Mama, nitaoza huku! Hii ndiyo njia yangu ya kutoka.”

“Yeye pia alisema vile.”

Akayafunika macho ya uso ule kwa kiganja. Rangi ilikuwa bado mbichi. Alipouondoa mkono, jicho moja lilikuwa kiganjani mwake.

Nikarudisha simu mfukoni, nikafungua kopo la rangi.