Kuonja kwa Kijiko

Majirani walijaa sebuleni kwa Makame kumtazama mkewe, Mwanaidi, akishindana kupika kwenye runinga, mubashara. Majaji walishaonya: mchuzi unaonjwa kwa kijiko, na atakayelamba mkono anatolewa. Mwanaidi akaonja kwa kijiko, akasita, akaonja tena. Akashika kopo la chumvi, akalirudisha.

"Kwani leo ana nini?" jirani mmoja akauliza. "Chumvi imempotea?"

"Kijiko kitamwambia nini?" Makame akafoka. Tangu amuoe hajamwona akionja ila kwa kudondoshea mchuzi kiganjani.

Muda ulikuwa unakwisha. Mwanaidi akakiweka kijiko kando, akawatazama majaji, kisha akachota mchuzi kwa upawa. Makame, bila kujijua, alikuwa amekinga kiganja chake mbele ya runinga.