Gari la Masanja Larudi Igombe

Kitu cha kwanza Nyamizi alichokiona ni kioo cha pembeni cha gari la kaka yake. Kilijigeuza chenyewe, polepole, kikatazama jukwaani, mahali mama yao alipokuwa ameketi akipunga khanga.

Siku hizi aliye hai haruhusiwi kuendesha gari la mashindano. Magari huendeshwa kwa ujuzi wa marehemu uliohifadhiwa ndani ya mtambo, nayo hayawaki mpaka ndugu wa damu aite jina. Masanja, kaka yake Nyamizi, aliupenda uwanja huu wa Igombe kuliko viwanja vyote, na leo timu ilikuwa imerudi hapa kwa mara ya kwanza tangu azikwe.

"Mwite basi, dada," alisema fundi Lugendo akicheka. "Au mmenuniana?"

"Namwita," Nyamizi alijibu kwa sauti ndogo.

Vumbi jekundu lilielea juu ya njia taratibu, kama usingizi. Nyumbani mama alikuwa bado hajaanua matanga. Kila jioni alipakua ugali wa Masanja, akaufunika, akauweka uani karibu na gari. "Mtu anayefanya kazi atalalaje njaa?" alikuwa akiuliza.

"Masanja," Nyamizi aliita.

Injini ikanguruma kwa furaha. Watu wakashangilia, mama akasimama. Nyamizi akainama dirishani, penye kiti kitupu.

"Kaka," alinong'ona, "ulishakufa. Mama hawezi kukulilia ukiwa bado kazini. Ukimaliza mbio hizi, nikikuita tena, usiitike."