Kwa Nini Umemchagua Huyu?

"Mwanangu yuko wapi?" mama aliuliza, na binti yake amekaa mbele yake akimmenyea chungwa.

"Kaka yuko kazini, mama."

"Huyo najua alipo."

"Basi ni mimi. Niko hapa."

"Wewe nakuona," mama alisema, akapokea kipande cha chungwa.

Kaka mtu alishakata shauri: mama akili zimemruka, mwisho wa mwezi anahamia nyumba ya wazee. Dada mtu akamwomba asubiri kidogo. Yeye ni mtaalamu wa saikolojia, na ugonjwa wenyewe huufundisha darasani. Mgonjwa humwona mtu wake kwa macho, ila moyo haumpokei, basi humdhania mgeni aliyevaa sura ya yule ampendaye. Maelezo mazuri sana, wanafunzi huyaandika kwa bidii. Jikoni, akiosha kisu cha machungwa, hayakumfaa kitu. Mganga hajigangi. Alikuwa anaogopa kusahauliwa na mama yake, basi.

Kesho yake akampeleka mama kwenye chumba chake cha majaribio.

Jaribio lilitaka wepesi wa mkono, kama wa wacheza karata. Mtu anaonyeshwa picha mbili za sura, anachagua inayompendeza. Picha zinalazwa kifudifudi, kisha anapewa ile aliyoikataa na kuulizwa kwa nini aliichagua. Karibu wote huingia mkenge. Hujieleza kwa raha zao: nimempenda macho, ana tabasamu la upole. Kwa jaribio hilo binti alikuwa amejipatia jina, akifundisha kwamba akili hupokea kwanza, sababu huzitunga baadaye.

Mama akishtukia, kaka hatakuwa na la kusema.

Mama alichagua msichana mwenye kilemba. Mkono wa binti ukafanya kazi yake.

"Kwa nini umemchagua huyu?"

Mama aliitazama picha, akamtazama na binti yake.

"Usinichezee, Dakta. Huyu siye."

Binti alicheka, machozi yakimlenga. Akili ya mama ilikuwa nzima, kali kuliko za wanafunzi wake wote. Alishaitoa simu ampigie kaka.

"Mama, maprofesa wamekaa hapo hapo na hawakushtuka. Umejuaje?"

"Nilishabadilishiwa mara moja." Mama aliirudisha picha mezani taratibu. "Wodi ya wazazi. Walimchukua mtoto kumwogesha, wakaniletea mwingine. Nikamwambia muuguzi, huyu siye. Akanishika bega. Akasema ni uchovu tu, uzazi huwavuruga wengi akili, nikilala nitamzoea."

Simu ilikuwa inaita upande wa pili. Binti akaikata.

"Ukamsadiki?"

"Hata kidogo. Mama hajui mwanawe? Ila kila niliyemwambia alikuwa na maelezo, na maelezo yao yalikuwa mazuri kuliko yangu."

 Binti alitaka kuuliza jambo lingine, lolote, lakini kinywa kilikuwa kimeshalitoa hili:

"Na huyo mwingine, mama? Ulimfanyaje?"

"Niliinuka nikurudishe," mama alisema. "Nikakuta umeshaanza kunyonya."